Wasilisho la Kikundi Katika Darasa la Fasihi: Dalili, Chanzo na Namna ya Kurekebisha

Malalamiko kuhusu kazi za vikundi katika madarasa ya fasihi karibu yote huishia kwa watu: fulani mvivu, fulani anajifanya anajua, fulani hapokei simu. Ni nadra kumsikia mtu akilalamikia namna kazi yenyewe ilivyogawanywa, na kwa jinsi ninavyoona, hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Vikundi vyetu hugawana vipengele kabla hata mtu mmoja hajafungua kitabu. Kikao cha kwanza pale kimbweta, kwenye meza za nje za kujisomea, hakijafika nusu saa, huyu kachukua dhamira, yule wahusika, yule muundo na mtindo, yule matumizi ya lugha, na wawili wanagombania utangulizi kwa sababu wasifu wa mwandishi unapatikana mtandaoni bila kusoma chochote. Kuanzia hapo hakuna anayelazimika kusoma kitabu kizima, na wengi hawakisomi.

Mazoea haya tumetoka nayo sekondari. Kidato cha tano na cha sita tulifundishwa kuchambua kazi kwa fani na maudhui, yaani namna ilivyojengwa na yale inayoyasema, na kwa mtu mmoja aliyesoma kitabu chote mpangilio huo unafaa sana, unamsaidia asisahau kitu anapojibu mtihani. Ukiukatakata kati ya watu kumi ambao hawajasoma, unapata watu kumi wenye kurasa mbili mbili za pointi, na kitabu chenyewe hakimo kichwani mwa yeyote. Nimekaa kwenye vikundi vya namna hiyo chuoni, vingine vikaenda vizuri na vingine vikaharibika vibaya, na ninaamini kwamba sehemu kubwa ya hasira tunayotoka nayo darasani inazuilika.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili. Nenda moja kwa moja kwenye ile inayokusumbua, ila kipimo kinachofuata kifanyeni kwanza, kwa sababu dalili nyingi huwa matawi ya tatizo hili moja.

Kabla ya yote, pimeni kama kitabu kimesomwa

Kwenye kikao, simu zikiwa zimewekwa chini, kila mmoja aseme mambo mawili: nini kinatokea kwenye kurasa za mwisho za kitabu, na ni jambo gani ndani yake lililomkera, lililomgusa au asilolielewa. Muhtasari haufai kwa kazi hii. Muhtasari mtu anaweza kuupata kwenye desa, zile notsi za kunakiliana, la mwaka juzi, lakini jambo lililomkera hawezi kulipata humo.

Mkiona zaidi ya nusu ya kikundi wanababaika, msiendelee kugawana chochote. Pangeni kusoma. Kama ni tamthiliya, isomeni pamoja kwa sauti, kila mtu achukue mhusika. Tamthiliya nyingi za Kiswahili zinazosomwa vyuoni ni fupi kiasi cha kumalizika kwa alasiri moja, na ziliandikwa ili zisemwe. Aliyekuja bila kusoma ataondoka akiwa ameisikia yote. Riwaya haimaliziki hivyo, kwa hiyo pangeni siku ya kufika katikati na siku ya kumaliza, na katika kila moja ya siku hizo mbili mkutane kwa muda mfupi tu kuulizana maswali yale yale mawili.

Dalili: kila mwasilishaji ana habari yake

Wa kwanza anasema dhamira kuu ni ukombozi. Wa tatu anasema mhusika mkuu ni msaliti. Wa tano anasema mhusika huyo huyo ni shujaa, na wa sita anarudia mifano ile ile ya wa kwanza kwa sababu hakujua imeshatumika. Darasa linasinzia. Mhadhiri anauliza swali moja tu, "Sasa kikundi chenu kinasema nini?", na mnatazamana.

Chanzo ni kwamba mligawana vichwa vya habari na hamkuwa na swali. Dhamira, wahusika na lugha haviishi mbalimbali ndani ya kitabu. Mhusika tunamjua kwa maneno yake, na dhamira inajitokeza kwa yale yanayompata. Anayezungumzia lugha bila kujua mwenzake amesema nini kuhusu mhusika atabaki kutaja tashibiha na misemo, moja baada ya nyingine, bila kueleza zinafanya kazi gani.

Tiba ni kutafuta swali moja ambalo jibu lake halijulikani kabla ya kusoma, kisha kugawana sehemu za kitabu kwa kufuata swali hilo.

Nitoe mfano kwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969, kwa kuwa ni tamthiliya ambayo wengi wetu tumepangiwa wakati mmoja au mwingine. Ukiuliza "dhamira za tamthiliya hii ni zipi?" utapata orodha: ukoloni, umoja, ukombozi, imani. Kila kikundi cha kila mwaka kina orodha hiyo. Jaribuni kuuliza hivi: Kinjeketile mwenyewe anayaamini maji, yale anayowapa watu kama kinga ya risasi, mpaka lini? Swali hilo linawalazimisha wote kurudi kitabuni. Mmoja achukue pale anapoingia mtoni na kutoka, na namna watu wanavyompokea. Mwingine achukue pale anapotambua kwamba ujumbe alioutoa akiwa amepandwa na mzimu wa Hongo una habari ya kuwa watoto wa Seyyid Said, akaanza kushuku kilichosema kupitia kinywa chake. Wa tatu amfuatilie Kitunda, anayekabidhiwa kuwaongoza watu vitani. Wa nne achukue mwisho, Kinjeketile akiwa kifungoni, anapotakiwa aseme maji yalikuwa uongo naye anakataa. Wa tano asikilize lugha: anazungumzaje akiwa amepandwa, na anazungumzaje akiwa mtu wa kawaida kati ya wenzake?

Sasa mna wasilisho. Atakayezungumzia lugha anajibu swali lile lile la atakayezungumzia mwisho. Mkitofautiana, kwa mfano mmoja akaona Kinjeketile anakataa kwa sababu bado anaamini na mwingine akaona anakataa kwa sababu hataki waliokufa waonekane wamekufa kwa ajili ya uongo, tofauti hiyo ipelekeni darasani kama ilivyo. Semeni wazi, "Hapa hatukukubaliana, na sababu zetu ni hizi." Wahadhiri wengi wa fasihi hulipokea jambo hilo kwa furaha kuliko orodha ya dhamira saba.

Fani na maudhui havijatupwa hapo. Vyote vimo, ila vimekuja vikiwa na kazi ya kufanya.

Dalili: tamthiliya imegeuka somo la historia

Hii huzikumba zaidi kazi zenye msingi wa matukio ya kweli, na niendelee na mfano ule ule. Kikundi kinatumia nusu ya muda kueleza Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ukatili wa Wajerumani, makabila yaliyoshiriki. Yote ni kweli na yote yanafaa kujulikana. Lakini Hussein alitahadharisha mapema kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa kwenye jukwaa na si yule wa historia. Darasa lilitaka kusikia kuhusu huyo wa jukwaani.

Sababu ni ile ile ya kukimbia kitabu. Historia inapatikana kirahisi, tena inaleta heshima ya tarehe na majina. Wekeni mpaka: historia isizidi dakika mbili, na kila jambo la historia litakalotajwa lifuatwe na sentensi inayosema mwandishi amelitumiaje, amelibadilishaje au ameliachaje. Ambalo halina sentensi hiyo liondoke.

Dalili: wawili wanafanya kazi, wengine wanasubiri majina yaandikwe

Hapa ndipo penye uchungu mkubwa, na ndipo tunapokosea kwa kuwaweka wote kwenye fungu moja la "wavivu". Watu wanaokaa kimya kikundini wana sababu tofauti, na kila sababu ina dawa yake. Ukitumia dawa ya mvivu kwa asiye na kitabu, unamuumiza bure.

*Hana kitabu.* Maktaba ina nakala mbili kwa darasa la mamia ya wanafunzi, bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, halijatoka, na mwenzenu anaona aibu kusema kwamba hana hela ya kununua. Kumtambua ni rahisi: anahudhuria vikao lakini haongei mpaka mtu mwingine asome kifungu kwa sauti, ndipo anachangia, na mara nyingi anachangia vizuri. Dawa ni kuhesabu nakala kwenye kikao cha kwanza bila kumuuliza mtu mmoja mmoja hali yake. "Tuna vitabu vitatu, tuko kumi, tuvizungusheje?" Pangeni zamu kwa siku. Kama maktaba yenu ina vitabu vya kuazima kwa saa chache, mwende wawili wawili na kusomeana humo. Hili lisifanywe kuwa fadhila kwa mtu fulani, liwe utaratibu wa kikundi.

*Hakujua kazi yake ni ipi.* "Tafuta pointi za wahusika" haina mwisho wala haina kipimo cha kujua kama imefanyika. Mtu anaahirisha mpaka siku ya mwisho, anakopi chochote, anatuma. Ukimpa kazi kama "soma sehemu hii, chagua maneno ya Kitunda yanayoonyesha shaka yake, uje utueleze kwa nini umechagua hayo," utashangaa jinsi wengi wanavyoifanya. Kabla ya kumwita mtu mzembe, soma tena ujumbe mliomtumia. Je, wewe mwenyewe ungeelewa ulichotakiwa kufanya?

*Amefungiwa mlango.* Hili halisemwi sana kwa sababu wanaolalamika kwa sauti mara nyingi ndio wenye kuufunga. Kikundi kina mtu hodari, anayejali alama zake, na ana haki ya kuzijali. Anapokea kazi ya mwenzake, anaiona dhaifu, anaiandika upya usiku bila kumwambia. Mwenzake anaona kwenye slaidi kwamba hakuna hata sentensi yake moja iliyobaki. Safari ijayo hataleta kitu, na yule hodari atapata ushahidi kwamba watu ni wavivu. Nimeliona jambo hili likijirudia kwenye vikundi ambavyo kila mtu alikuwa na nia njema. Kama wewe ndiye hodari, sheria ni moja: kazi ya mtu irudishwe kwake ikiwa na maswali, isibadilishwe kimyakimya. Kwa mfano, kwa riwaya ya Rosa Mistika: "Umesema Rosa anabadilika akifika chuoni, niliona dalili kabla ya hapo, hebu tazama tena pale kwa baba yake." Itakuchukua muda mrefu kuliko kuandika mwenyewe. Lakini atakapoulizwa swali mbele ya darasa atakuwa na jibu, na jibu lake linahesabiwa kwenye alama zako pia.

*Kweli hataki.* Yupo. Ana kitabu, ana kazi iliyo wazi, hajafungiwa mlango, na bado haji. Mpeni nafasi ya mwisho kwa maandishi, kwa adabu, na tarehe. Ikipita, fanyeni kazi bila yeye na jina lake lisiandikwe kwenye sehemu ambayo hakuifanya. Mambo ya mhadhiri nitayafikia mbele.

Dalili: ametajwa mhusika ambaye hayumo kitabuni

Inatokea sasa kuliko zamani. Mtu anaeleza kwa kujiamini kuhusu mjomba wa mhusika mkuu, na mjomba huyo hayupo popote. Chanzo ni viwili: desa lililonakiliwa mara nyingi hadi likachanganya vitabu, au majibu ya programu za akili mnemba. Programu hizo huandika Kiswahili kilichonyooka kuhusu riwaya zetu huku zikibuni matukio, hasa kwa vitabu ambavyo havijaandikwa sana mtandaoni, na vitabu vyetu vingi viko hivyo.

Kinga yake ni sheria ya ukurasa. Hakuna pointi inayoingia kwenye wasilisho bila mwenye pointi kufungua kitabu na kuonyesha ilipo. Muwe waangalifu na matoleo: kitabu kilichochapwa tena miaka ya karibuni huenda namba za kurasa zake zisilingane na za nakala ya zamani ya maktaba, kwa hiyo taja sura au onyesho pamoja na ukurasa. Vinginevyo mtabishana kwa nusu saa kuhusu kitu ambacho wote mko sahihi.

Dalili: watu wanasoma slaidi

Migongo kwa darasa, macho ukutani, maandishi ya aya nzima nzima. Watu wanasema tatizo ni woga wa kuzungumza hadharani, nami siamini kwamba ndilo kubwa. Mtu anayeogopa lakini anakijua kitabu anaweza kusimulia tukio, kwa sauti ndogo labda, lakini anasimulia. Anayesoma slaidi neno kwa neno mara nyingi anasoma kazi ambayo hakuiandika.

Ondoeni maelezo yote kwenye slaidi. Wekeni vifungu vya kitabu tu, vile ambavyo mnavizungumzia, kwa herufi kubwa, ili darasa lisome pamoja nanyi. Maelezo yatoke midomoni. Faida ya pili ni kwamba umeme ukikatika au projekta ikagoma kuwaka, jambo ambalo kila aliyesoma kwenye vyuo vyetu analitarajia, mnaweza kuendelea. Chapisheni vifungu hivyo kwenye karatasi moja pale steshenari, mtoe kopi chache za kupeana kwa safu.

Kuhusu muda, mkiwa kumi na mna dakika ishirini, kila mtu akiongea anapata dakika mbili, na hakuna anayeweza kusema kitu cha maana kuhusu riwaya kwa dakika mbili. Mwombeni mhadhiri wanne wazungumze na waliobaki wajibu maswali. Akikataa, basi wengine wasome vifungu kwa sauti, wakiwa wamejiandaa kuvisoma vizuri. Kusoma kifungu vizuri mbele ya darasa la fasihi ni kazi halisi.

Dalili: kuna sehemu za kitabu ambazo hakuna anayetaka kuzitaja

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa kipindi fulani, na mpaka leo vikundi vingine vinaiwasilisha kana kwamba marufuku hiyo bado ipo. Wanazungumzia malezi, ulevi wa Zakaria, baba yake Rosa, nafasi ya mwanamke katika jamii, kisha wanaruka yale yanayompata Rosa mwilini na uamuzi wake wa mwisho wa kujitoa uhai. Wanatumia maneno kama "aliingia katika tabia mbaya" na kuendelea mbele.

Ninaelewa kwa nini. Kikundi kina wavulana na wasichana, kina mtu mzima aliyerudi shule akiwa na watoto, kina mlokole na kina mtu ambaye pengine yaliyomo kitabuni yamemgusa nyumbani kwao. Hakuna aliyetufundisha namna ya kuzungumza mambo haya mbele ya watu sabini. Lakini ukiyaruka, unabaki na hadithi ya msichana aliyeharibika, na hukumu hiyo si ya mwandishi. Kezilahabi anatuonyesha baba anayempiga binti kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana, kisha anatuonyesha binti huyo akienda duniani bila kufundishwa chochote kuhusu wanaume ila woga. Bila kulitaja la kwanza huwezi kulieleza la pili.

Cha kufanya: kubalianeni mapema kwenye kikundi maneno mtakayotumia. Kiswahili kina maneno ya staha yanayosema jambo bila kulificha: kulala na mtu, kutoa mimba, kujiua, kubakwa. Yasemwe kama yalivyo, bila kicheko na bila mapambo. Aliyechagua kuzungumzia sehemu hiyo awe amechagua mwenyewe. Msimpe msichana pekee wa kikundi kwa sababu tu "ni mambo ya wanawake", na msimlazimishe mtu anayesema hapana. Na darasa likicheka, kaa kimya kidogo, kisha endelea kusoma kifungu.

Dalili: shairi limechambuliwa bila kusikika

Haraka haraka: kama kikundi kimepewa ushairi na mpaka mwisho wa wasilisho hakuna aliyelisoma shairi lote kwa sauti, wasilisho hilo limepungukiwa na kitu cha msingi. Someni mwanzo, na someni tena mwishoni.

Kwa tenzi za kale kama ule wa Mwana Kupona, wa 1858, lugha ni Kiamu, lahaja ya Lamu, cha zamani, na vikundi huwa na tabia ya kumgeukia mwenzao wa Zanzibar au Mombasa na kumwambia, "Hii ni lugha yenu." Kiunguja si Kiamu. Naye anahangaika kama ninyi, na sasa ana aibu juu yake. Tumieni toleo lenye maelezo ya maneno, gawaneni beti, kila mtu aeleze zake kwa Kiswahili cha kawaida kabla ya mtu yeyote kutaja dhamira.

Kwa mashairi huru, kama yale ya Kichomi, diwani ya Kezilahabi iliyotoka 1974, acheni kuhesabu vina na mizani ambavyo mshairi hakukusudia kuviweka. Ulizeni kwa nini mstari umekatwa pale ulipokatwa. Soma mstari huo bila kukata, kisha soma ukiwa umekatwa, darasa lisikie tofauti.

Dalili: maswali ya darasa yanawavunja

"Je, jina la kitabu linasadifu yaliyomo?" "Mwandishi amefaulu au hakufaulu?" Maswali haya yanakuja kila wiki, kwa hiyo kushangazwa nayo hakuna udhuru. Lakini yapo mengine ya kukomoana, hasa pale kikundi kilichohojiwa vikali wiki iliyopita kinapotafuta kulipiza. Hilo ni tatizo la darasa zima, na ninyi mnaweza kulipunguza kwa kuuliza maswali ya kweli zamu ya wenzenu inapofika.

Kwa upande wenu, siku moja kabla, mmoja wenu akae kama darasa na kuwauliza kila anachoweza. Kila jibu lianze kwa kufungua kitabu. Swali likiwazidi, jibu zuri ni hili: "Sehemu inayoweza kutusaidia ni hii," mkaisoma, mkafikiri kwa sauti mbele ya watu. Kinachowavunja wengi ni kubuni jibu, kwa sababu daima kuna mtu nyuma pale aliyekisoma kitabu.

Dalili: alama moja kwa wote, na hasira inayobaki

Kwenye vyuo vyetu vingi alama 40 kati ya 100 hutafutwa kabla ya mtihani wa mwisho, na wasilisho la kikundi ni sehemu ya hizo. Mtu anayepigania kutopata sapu, yaani kurudia mtihani, anaona ni haki yake kukasirika alama yake inaposhushwa na asiyesoma. Ni haki yake kweli.

Kosa ni kwenda kwa mhadhiri baada ya matokeo. Wakati huo unaonekana unasengenya, naye hana cha kushika. Nenda mapema, mkiwa wawili au watatu, na mpeleke ombi kabla ya lawama. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo Dokta. Sisi ni kikundi cha saba, tumepangiwa tamthiliya ya wiki ya tisa. Tunaomba ruhusa ya kuambatisha ukurasa mmoja unaoonyesha kila mwanakikundi amesoma sehemu ipi na ameandika nini, akiwa ametia saini yake. Tutashukuru kama utauzingatia unapotoa alama. Ahsante."

Ukurasa huo ndio kinga yenu. Hausemi fulani ni mvivu. Unaonyesha nafasi iliyo tupu mbele ya jina lake, na yeye mwenyewe ameuona kabla haujapelekwa. Mara nyingi kuuona tu kunamrudisha mtu kazini.

Yapo mambo ambayo kikundi hakiwezi kuyatibu, nami ningependa wahadhiri wetu wayasikie kutoka kwa wanafunzi. Kikundi cha watu kumi na watano hakisomi pamoja, kinagawana tu. Mada iliyoandikwa "Fani na maudhui katika" likafuata jina la kitabu inatualika kufanya yale yale yanayowachosha kuyasikiliza. Swali moja gumu, kifungu kimoja kilichochaguliwa, watu watano: hata katika darasa kubwa hilo linawezekana ikiwa vikundi vingine vitawasilisha kwa maandishi. Tukiulizwa maoni mwishoni mwa muhula, tuandike hilo badala ya kuandika "kozi ni nzuri".

Ikiwa imebaki siku moja

Umesoma hadi hapa na wasilisho ni kesho saa nne asubuhi. Slaidi zipo, zimejaa, na unajua nusu ya kikundi hawajasoma. Msijaribu kurekebisha kila kitu.

Kutaneni leo jioni, hata kama ni wanne tu waliopatikana. Chagueni vifungu vitatu: kimoja cha mwanzo, kimoja cha pale mambo yanapogeuka, kimoja cha mwisho. Visomeni kwa sauti, mvijadili mpaka kila aliyepo aweze kueleza kila kifungu bila karatasi. Futeni slaidi zote isipokuwa hivyo vitatu na ukurasa wa majina. Wapigieni simu wasiofika, muwatumie picha za kurasa hizo na kumwambia kila mmoja asome kifungu kipi na atasema nini juu yake, kwa sentensi mbili. Utangulizi wa maisha ya mwandishi uondoke wote. Aliyeuandaa mpeni kifungu cha kwanza akisome, na kabla hajalala awapigie mmoja wenu amsomee mara moja kwenye simu.